Mbwa Kavishwa Kola, Nikanyamaza Mimi

Juma lililopita niliwaacha nikiwa jikoni, nimeshika mfupa mkononi kama mwizi aliyekutwa na kuku kwapani, na mume wangu amesimama mlangoni ameshika kiboksi kidogo.

Kwa ambaye leo ndiyo kwanza anaketi nasi, nitamweleza upesi.

Mume wangu kazi yake ni sauti. Anasoma matangazo ya redio: sabuni, mabati, dawa ya mbu. Chumba chetu cha pili amekiziba kwa mablanketi ukutani na humo ndimo anamorekodia. Majirani wanamwita Redio. Mimi ni msaidizi wa daktari wa wanyama. Nilisomea chuoni na nina cheti. Cheti nimekitundika ukutani, aibu natembea nayo.

Tuna mbwa anaitwa Kengele. Nilimtoa kliniki akiwa mdogo wa kutosha kwenye mfuko wa koti, baada ya mwenyewe kumwacha na kusahau njia ya kurudi.

Kisha ikaja kampuni ya sabuni. Walitaka tangazo la mke na mume, na mume wangu akaleta mwanamke ambaye watu wa kazi hiyo wanamwita Sauti ya Asali. Tangu siku hiyo, mimi nikiwa jikoni kwangu, namsikia mume wangu nyuma ya ukuta wangu akimwita mwanamke mwingine "mke wangu". Na akikosea, namsikia akisema, "Turudie. Safari hii kwa mapenzi zaidi."

Kila walipoanza, Kengele alibweka. Kampuni ikarudisha kazi na ujumbe: sisi tunauza sabuni, hatuuzi mbwa.

Nami, Mungu anisamehe, kila Kengele alipobweka, nilimpa mfupa.

Hapo ndipo aliponikuta.

"Kumbe!" alisema mume wangu. "Nashangaa mbwa hakomi, kumbe ameajiriwa."

"Alikuwa na njaa," nikasema.

"Njaa inayokuja kila nikiwasha maikrofoni?"

Nikanyamaza. Kunyamaza ndiyo lugha yangu ya kwanza.

Akaweka kiboksi mezani. Ndani mlikuwa na kola nyeusi, nene, yenye kidude cha plastiki na meno mawili ya chuma.

"Akibweka, inamshtua. Akinyamaza, inamwacha. Mwenye duka kaniambia baada ya muda mfupi mbwa anakuwa na adabu kuliko mwanafunzi wa bweni."

Nilizijua kola hizo. Kliniki tunaletewa mbwa waliovishwa wakasahauliwa, shingo zimechunika. Ziko za kupuliza harufu kali puani, ziko za kutetemeka, na ziko za shoti. Hii ilikuwa ya shoti. Nikaweka kidole kwenye yale meno, nikabonyeza kitufe cha kujaribia.

Mkono wangu uliruka wenyewe, kikombe kikaenda chini.

"Hii simvishi," nikasema.

Mume wangu alinitazama kama aliyesikia kabati likizungumza. Nadhani tangu tuoane hiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kumwambia hapana bila kuitanguliza na samahani.

"Mke wangu, hii kazi ikirudishwa tena, basi tena. Watatafuta wengine."

"Kabadilishe. Chukua ya kutetemeka."

Akaenda, akabadilisha. Akarudi, akaniwekea mkononi.

"Mtaalamu ni wewe. Mvishe."

Nilipiga magoti. Nikapitisha vidole viwili kati ya kola na shingo, kama tulivyofundishwa, isibane wala isicheze. Kengele alinilamba kidevu. Alidhani ni zawadi.

Mlangoni ikasikika ile sauti, laini, inayoteleza kama siagi kwenye mkate wa moto.

"Hodi, wifi yangu!"

Hapo niwaambie jambo. Sauti ya Asali aliniita wifi tangu siku ya kwanza. Na yeye alimwita mume wangu kaka. Neno hilo ndilo lililokuwa linanilaza usingizi. Nilijiambia: akiniita wifi, basi anajihesabu dada wa mume wangu, na mimi ananihesabu mke wa kaka yake. Mtu haibi kwa kaka yake. Kila wivu uliponipanda kooni, nililimeza hilo neno kama kidonge na maji.

"Karibu, dada," nikasema.

"Mmemvisha? Jamani, amependeza! Kama anakwenda harusini."

Wakaingia chumbani, mlango wakauacha wazi kidogo ili kuona kola itafanyaje. Mume wangu akakohoa kusafisha koo, akavuta pumzi, na ile sauti yake ya redio ikatoka, nzito, imepakwa mafuta.

"Mke wangu, shati jeupe hivi, umelifua na nini?"

Kengele alifungua kinywa. Kola ikafanya *trrr*. Akakifunga. Akageuka kutafuta nani amemgusa, hakumwona mtu. Akajaribu tena. *Trrr*. Mara ya tatu hakujaribu. Akalala chini, akanitazama, kama vile anauliza, kwani tulikosana wapi?

"Imefanya kazi!" mume wangu akapiga kelele za furaha.

"Wifi, mikono yako ina baraka!" akadakia mwenzake.

Nikaenda kuosha vyombo vilivyokuwa visafi.

Adhabu yake niliipata hapohapo. Zamani Kengele alikuwa akinikatia maneno. Kila walipofika penye utamu, yeye alibweka, nami sikusikia. Sasa nilisikia tangazo zima, mwanzo mwisho. Nikasikia "mume wangu, usiniharibie tena shati." Nikasikia kicheko chao. Nikasikia na busu, mwaa, la hewani.

Alipotoka nikamuuliza mume wangu polepole, "Lile busu limeandikwa?"

"Limeandikwa na mteja."

"Mteja ameandika *mwaa*?"

"Mke wangu, usianze."

Sikuanza.

Siku chache baadaye kazini, Daktari aliniita. Ni mama wa makamo, anavaa miwani mbili, moja machoni na nyingine kichwani, na huwa anaitafuta hiyo ya kichwani.

"Msaidizi."

"Abee, Daktari."

"Huyu paka aliumia mguu gani?"

"Wa kushoto."

"Na bendeji iko wapi?"

Nikatazama. Ilikuwa mguu wa kulia, imefungwa vizuri sana. Paka alinitazama kwa dharau ambayo sitaisahau.

"Kaa chini," Daktari akasema. "Nani amekuudhi?"

"Hakuna."

"Basi hakuna huyo ana nguvu."

Nikamweleza habari ya mbwa na kola tu. Ya wivu sikuitaja, lakini Daktari amezoea wagonjwa wasiosema panapouma.

"Mbwa habweki bure," akasema. "Anabweka upweke, anabweka woga, anabweka kuchoka kukaa kama mzigo, au anabweka mgeni. Wako anabweka nini?"

Nikafikiri. Sauti ya Asali akija getini, Kengele hambwekei. Anamnusa viatu, anatikisa mkia. Hata wakicheka habweki. Anaanza pale mume wangu anapovuta pumzi na kutoa ile sauti ya redio. Kwa mbwa, mdomo ni ule ule wa bwana wake, lakini anayetokea humo ni mtu asiyemjua.

"Anabweka mgeni," nikasema.

"Mgeni yupi?"

"Mume wangu. Akianza kazi."

Daktari alicheka mpaka miwani ya kichwani ikamwangukia puani.

"Sasa umepata ugonjwa, dawa ni rahisi. Mtembeze kwanza achoke. Kisha mume wako amzoeze ile sauti, kidogo kidogo, na kitu kitamu mkononi. Mbwa hufundishwa, msaidizi. Kola inaziba mdomo, haizibi sababu. Haya, nenda ukamvue hilo dude. Leo hapa utaniulia wagonjwa."

Nilitoka mbio kwa furaha. Na kwa kuwa nimeahidi kuwaambia kweli, furaha yenyewe haikuwa safi. Nusu ilikuwa ya huruma kwa Kengele. Nusu nyingine ilitaka abweke. Abweke leo leo, kwenye lile *mwaa*.

Nilifika nyumbani kweupe, jua bado kali. Zamani ningejua toka getini kama wanarekodi, kwa kelele za mbwa. Sasa nyumba ilikuwa kimya kama chupa. Kengele alikuja kunipokea na kola yake shingoni, akaogopa hata kulia kwa furaha.

Mlango wa chumba cha pili ulikuwa umefungwa. Nikasikia sauti ya mwanamke, chini kwa chini.

"Mkeo atajua lini?"

"Nitamwambia."

"Utamwambia lini? Jumamosi hii hapa imefika."

"Humjui yule. Ana moyo mwepesi. Nikimwambia vibaya atalia."

"Akilia, afadhali. Mimi namwogopa akinyamaza."

Kisha nikajipa moyo: ni tangazo jipya hilo. Hadithi ya mke asiyejua kitu, mwishoni anajua kwamba mumewe amemnunulia katoni nzima. Nikaweka sikio mlangoni, nikasubiri sabuni itajwe.

Nikasubiri.

"Ukishindwa, nitamwambia mwenyewe," akasema yeye. "Tumelikoroga wawili, tulinywe wawili."

Sabuni haikutajwa.

Sijui nguvu niliitoa wapi. Mimi ambaye nikipigiwa simu na namba ngeni naipa mto uisikilize, niliusukuma ule mlango ukagonga ukuta. Wakaruka wote wawili. Maikrofoni ilikuwa imefunikwa kitambaa chake. Hapakuwa na kazi humo.

Nilikuwa na maneno. Nilikuwa nayo mengi, makali, yamepangwa foleni kooni. Nikafungua kinywa, na kilichotoka ni hiki:

"Sabuni iko wapi?"

Mume wangu akababaika. "Iko... iko bafuni, mke wangu."

"Sio hiyo!" nikasema, na machozi yakanitangulia.

Sauti ya Asali akainuka, akaja kunishika bega.

"Wifi, kaa."

"Sikai."

"Basi simama, lakini sikiliza. Si unachodhani."

"Unajua ninachodhani?"

"Ningekuwa wewe, ningedhani hivyo hivyo. Tena mimi ningekuja na mchi."

Mume wangu alikaa kwenye kiti chake cha kazi, akatazama viatu. Kisha akalisema lote, kwa sauti yake ya nyumbani, ndogo, isiyo na mafuta.

Tangazo limependwa. Limependwa mno. Mkubwa wa kampuni mwenyewe alipiga simu, akasema hajapata kusikia mke na mume wanaoelewana vile. Akauliza, nyie mmeoana kweli? Sauti ya Asali akacheka, akajibu, "Kwani husikii?" Alikuwa anatania. Mkubwa hakujua utani. Akasema, basi hao hao ndio tunaowataka, tutawaweka kwenye mabango. Mke na mume wa kweli, nyumbani kwao, na mbwa wao.

"Ukamwambiaje?" nikamuuliza mume wangu.

"Nilitaka kumsahihisha."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia karibu."

Chumba kile hakitoi mwangwi. Neno likiangukia mle linazama kwenye mablanketi. Lile "karibu" nililiona likizama.

"Wanakuja Jumamosi kupiga picha," akaendelea. "Siku moja tu, mke wangu. Ni kama tangazo lile lile, tofauti ni picha tu."

"Na mimi nitakuwa wapi? Nitajificha kabatini?"

"Hapana! Nani kasema ujifiche? Utakuwepo. Utakuwa..." Akamtazama mwenzake amsaidie.

"Utakuwa dada yake," Sauti ya Asali akamalizia, na akanifinya bega kwa upole. "Wifi yangu. Si tumezoea kuitana hivyo? Hata ulimi hautateleza."

Hapo ndipo niliposikia neno lenyewe kwa mara ya kwanza.

Wifi. Mke wa kaka yako ni wifi. Na dada wa mume wako, naye ni wifi. Neno moja, lina milango miwili, na miezi yote hii mimi nilikuwa nimeketi kwenye mlango wa mbele nikidhani nyumba haina mwingine. Sikujua aliponiita wifi alikuwa ameingilia upande gani. Pengine hata yeye mwenyewe hakujua. Lakini Jumamosi angekuwa yeye mke, na mimi dada mtu, na neno lisingebadilika hata herufi.

"Mke wangu," mume wangu akasema, "sema kitu."

Mngesema nini nyinyi? Najua. Mngesema mengi, na mchi ungekuwepo.

Mimi niliinamisha kichwa. Na kwa jinsi nilivyoinamisha, wao waliona nimekubali.

Hata kola sikumvua Kengele siku ile. Nilisahau. Nililala nikiulilia mto, sikumkumbuka yeye.

Jumamosi mchana, waliingia wawili: mpiga picha, kijana wa mifuko mingi, na mkubwa wa kampuni. Nilitegemea mtu wa tumbo na kelele. Alikuwa mrefu, mkimya, ameshika kofia mkononi kama mtu aliyekuja msibani.

Sauti ya Asali alifungua mlango wangu, amevaa gauni la bluu, amesimama juu ya zulia nililolisugua mimi kwa mikono yangu.

"Karibuni kwetu! Mume wangu yuko ndani. Na huyu ni wifi yangu, anaishi nasi."

Anaishi nasi!

"Shikamoo," nikamwambia mkubwa, kwa kuchanganyikiwa, ingawa hakuwa mzee kiasi hicho.

"Usinizeeshe, dada," akasema, akatabasamu. "Habari za hapa?"

Niliwaletea chai. Nilimwekea mume wangu sukari kama anavyopenda, kisha nikakumbuka dada anaweza kujua sukari ya kaka yake, haina neno. Nikaketi pembeni nikitazama wakipangwa kwenye kochi langu. Mpiga picha alikuwa haridhiki.

"Bwana, mkumbatie mkeo. Sogea. Sogea tena. Kwani mmegombana?"

Mume wangu akasogea. Mkono wake ukapita nyuma ya lile gauni la bluu na kutua begani. Mkono ule naujua. Una kovu dogo la pasi karibu na dole gumba, na kovu lenyewe nililipaka dawa mimi.

"Vizuri! Sasa mbwa. Lakini hilo dude shingoni linaharibu picha. Nani anaweza kulivua?"

"Dada," mume wangu akasema bila kunitazama, "hebu mvue."

Dada! Nikapiga magoti, nikaifungua kola.

Chini yake manyoya yalikuwa yamelala, na ngozi ina alama nyekundu. Haikuwa kidonda, lakini ingekuwa. Nilikuwa nimemwachia bila kupumzika tangu siku ile ya mlango, mimi mwenye cheti ukutani. Nilimsugua pale polepole, na moyo ukaniuma kuliko ulivyoniumia kwa ule mkono begani.

Kivuli kikaniangukia. Mkubwa wa kampuni alikuwa amechuchumaa karibu yangu, kofia amejiwekea gotini.

"Hiyo ni ya kuzuia kubweka?" akauliza. "Nataka kununua moja. Nina mbwa, tangu mke wangu afariki hanyamazi. Majirani wameniandama."

"Usinunue," nikasema.

Nilishangaa jinsi sauti yangu ilivyotoka nzima.

"Kwa nini?"

"Wako anabweka upweke. Alikuwa anakaa na mama nyumbani, sivyo? Sasa wewe ukienda kazini anabaki na kuta. Hii itamtetemesha shingo, na upweke atabaki nao. Mtembeze asubuhi kabla hujatoka. Mwachie nguo yako aliyozoea harufu yake. Na ukirudi, usimkaripie. Ukilazimika kutumia kola, iwe ya kutetemeka tu, muda mfupi, uwe karibu, na umvue ukague ngozi. Tazama hapa. Huyu nimemsahau mimi mwenyewe."

Mambo ya wanyama hayanitii aibu. Nilikuwa nimesema mengi kwa pumzi moja kuliko niliyoyasema nyumbani mle kwa mwezi. Na yule mtu alisikiliza. Hakutazama saa wala hakunikatiza. Aliuliza nguo ya aina gani, nikamwambia, na akarudia kimyakimya kama mtu anayekariri.

"Umejifunza wapi haya yote?"

"Chuoni. Nafanya kazi kliniki."

"Na moyo huo wa kusema umemsahau mwenyewe, nao unafundishwa chuoni?"

Nikahisi masikio yakiwaka moto. Nilipoinua macho, nilikutana na macho ya mume wangu kwenye kochi. Mkono wake ulikuwa umeshuka kutoka kwenye bega la bluu. Alikuwa ananitazama jinsi mimi nilivyokuwa nikiutazama ule ukuta wa jikoni miezi yote ile.

Naungama: nilifurahi.

"Jamani, picha!" mpiga picha akalalamika. "Bwana, mwambie mkeo yale maneno ya tangazo, nipate uso wenye furaha."

Mume wangu akasafisha koo. "Mke wangu, shati jeupe hivi..."

Kengele, shingo tupu, alilipuka. Alibweka yote aliyoyameza tangu siku ile, akimwelekea mume wangu, manyoya yamesimama. Sauti ya Asali akaruka juu ya kochi na viatu vyake.

"Mbwa gani huyu anamfokea mwenye nyumba?" mpiga picha akashangaa.

Nikamshika Kengele, nikamwekea kiganja kifuani, nikamnong'oneza. Akatulia palepale, akaegemeza kichwa pajani kwangu.

Mkubwa alikuwa amesimama. Alitazama kochi, akanitazama mimi, akatazama kochi tena. Nikadhani yamekwisha, ameshatujua. Kumbe alikuwa anatafuta maneno, maana aliizungusha kofia mikononi kama sahani.

"Bwana," akamwambia mume wangu, "nitaomba radhi. Hili siyo jambo la kazi, na pengine hapa siyo mahali pake. Lakini mtu wa umri wangu akichelewa, amechelewa. Huyu dada yako, ameolewa?"

Mpiga picha akashusha kamera. Sauti ya Asali, bado amesimama juu ya kochi, akajiziba mdomo. Sikujua anazuia kicheko au mayowe.

Mimi nilimtazama mume wangu. Nilimtazama kwa macho yote. Neno moja tu, nikasema moyoni. Sema ameolewa. Sema ameolewa na mimi, sabuni iende na povu lake, mabango yaende, tutakula tutakachopata. Sema hata kwa kunong'ona.

Alimtazama mkubwa, akaitazama kamera.

"Hajaolewa," alisema. Kwa sauti yake ya kawaida, ile anayoniombea chumvi mezani.

Mkubwa akashusha pumzi. Akanigeukia, akainamisha kichwa kidogo.

"Basi dada, kuliko kumuuliza kaka mtu, naweza kukuuliza mwenyewe?"

"Ah, huyo ana aibu sana," mume wangu akawahi, amekwishainuka kwenye kochi, jasho kwenye mdomo wa juu. "Hawezi kukujibu huyo. Mwache tu, mpaka siku nyingine..."

"Niulize," nikasema.